Sili Kwenye Banda la Kuku

Jumatatu, 3 Februari

Mayai saba. Manne kahawia, mawili rangi ya chai ya maziwa, moja limefifia kama nguo iliyofuliwa sana. Jana yalikuwa saba pia, karibu yote kahawia. Kuku ni walewale, chakula kilekile. Sielewi.

Kuku ni kumi na mmoja. Kadzo anawaita kwa majina na wanaitika. Mimi nimewapa namba. Mke wangu yuko Mariakani tangu katikati ya Januari, binti yetu Sidi amejifungua mtoto wa pili na mama mtu hakai mbali na mzazi. Wiki ya kwanza mimi na kuku tulitazamana tu. Wiki ya pili nilitoa daftari. Mtu aliyekuwa karani wa makontena bandarini miaka thelathini na moja hawezi kuona kitu kinatoka mahali asikiandike.

Wiki iliyopita nililihamisha banda. Lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mkungu, huoni kinachoendelea. Sasa liko kando ya ukuta wa mabati, na nikikaa kwenye kiti changu barazani naviona viota vyote vinne. Kazi safi. Sijui kwa nini Kadzo hakulifikiria hilo miaka yote hii.

Jumanne, 4 Februari

Mayai sita. Matatu yamefifia. Namba 7 ananitazama vibaya.

Jumatano, 5 Februari

Mayai matano. Moja dogo kama la njiwa. Nililipasua kwenye bakuli. Hamna kiini. Ute mtupu. Nimeishi miaka hamsini na tisa sijaona yai lisilo na kiini. Nilisimama nalo pale uani kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

Bi Zuhura alikuwa akipita kwenda kuanika nguo. Ni mpangaji wetu, chumba cha uani, mwaka wa kumi na nne huu. Mjane. Hupika mkate wa mayai kwa oda, wa harusi na wa maulidi, na hapa Magongo ukitaja mkate wa mayai watu wanakuelekeza getini kwetu. Yeye na Kadzo ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana mimi ananiita shemeji. Alilitazama bakuli, akawatazama kuku, akasema, "Shemeji, hawa wahema. Warudishe kivulini."

Nilimwambia kuku wote huhema. Alicheka akaenda zake na beseni lake.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi nilimpa dereva wa gari la Mariakani mayai ishirini na manne ya kumfikishia Kadzo. Mzazi anataka mayai. Niliyafunga moja moja kwa gazeti, nikayapanga kwenye boksi, nikaandika idadi juu na kutia sahihi. Dereva alicheka. Acha acheke.

Saa nane mchana Kadzo akapiga simu. Salamu fupi, halafu: "Baba Karisa, haya mayai ni ya kuku wangu au umekwenda kuninunulia dukani?"

Nikasema ni ya kuku wako.

"Mh. Madogo, meupe, na lingine ganda kama karatasi. Kuku wangu mimi si hawa." Kwa nyuma nilimsikia Sidi, kisha mtoto akalia na simu ikakatika.

Nimekasirika. Miaka thelathini na moja hakuna mzigo uliopita mikononi mwangu ukafika kwa mwenyewe akasema si wake. Nimeshinda na maneno hayo mchana kutwa. Kuku wangu si hawa. Basi haya mayai ni ya nani?

Jumapili, 9 Februari

Ibada sikuisikia. Mchungaji alihubiri nusu saa na mimi, mzee wa kanisa, benchi la mbele, nilikuwa nafikiria ufunguo wa geti. Funguo ziko tatu. Wangu. Wa Kadzo. Wa Bi Zuhura.

Sitaki kufikiri hivyo. Nimefikiri hivyo.

Nani hapa nyumbani anahitaji mayai kila siku? Tena makubwa, ya kienyeji, yenye kiini cha kuupandisha mkate na kuupa rangi? Na nani ananunua trei za mayai ya dukani? Kubadilisha ni kazi ya dakika moja. Unachukua kubwa, unaacha dogo. Idadi inabaki ileile na anayehesabu hashtuki. Bandarini niliuona mchezo huo mara nyingi. Mzigo mzuri unatoka, mbovu unaingia, karatasi ziko sawasawa.

Lakini Bi Zuhura? Kichwa kinasema ndiyo, kitu kingine kinasema una wazimu. Sijui nisikilize kipi.

Jumatatu, 10 Februari

Mayai sita. Nimeandika namba kwa penseli juu ya kila moja. Nilipofika la nne nikajiona mjinga. Kama limebadilishwa kabla sijalifikia, basi naandika namba kwenye la mwizi.

Bi Zuhura ameniletea kipande cha mkate wa mayai, bado wa moto, kama afanyavyo kila Jumatatu tangu Kadzo asafiri. Aliuweka mezani, akauliza habari za mzazi, akaondoka. Niliutazama ule mkate rangi. Wa manjano sana. Niliula wote. Mtamu. Nilichukia kwamba ni mtamu.

Jumanne, 11 Februari

Nimefanya.

Saa nne alikwenda kununua unga, akaacha mlango wazi kama siku zote. Nilisimama kizingitini. Sikuingia ndani, naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Mezani palikuwa na trei mbili. Mayai mchanganyiko, meupe, ya maziwa, na katika trei ya pili makubwa matatu, kahawia, ya kupendeza. Ya Kadzo kabisa. Au yanafanana na ya Kadzo. Pale mlangoni sikuona tofauti ya maneno hayo mawili.

Aliporudi nilikuwa bado nimesimama. Nilikusudia kuanza polepole. Nikasema, "Bi Zuhura, haya makubwa umeyatoa wapi?"

"Dukani, shemeji. Kwani?"

"Yanafanana na ya kuku wa Kadzo."

Aliuweka mfuko wa unga chini. "Sema utakalo kusema."

Nikasema. Mayai yanabadilishwa, na mwenye ufunguo, mimi nikitoka, ni mmoja.

Alinigeukia. Halafu: "Wallahi, sijagusa hata unyoya wa kuku wa Kadzo bila ya yeye kunambia. Miaka kumi na mine nakaa hapa, shemeji. Kumbe wanionaje?"

Aliuinua unga wake, akaingia, akafunga mlango. Mlango ule sijapata kuuona umefungwa mchana.

Nilidhani nikishasema nitatulia. Sijatulia.

Jumatano, 12 Februari

Hakuniamkia. Kila asubuhi mimi huwa na chai yangu barazani, naye hupita na kusema, "Sabalkheri, shemeji, umeamkaje?" Leo alipita na ndoo. Mimi niliitazama chai.

Mayai matano, mawili meupe. Kwa hiyo hajaacha. Au hakuanza. Sijui ni lipi, na nikilifikiria sana kichwa kinauma.

Nitalimaliza jambo hili kikazi. Chini ya kitanda, kwenye mkebe wa biskuti, nina sili kadhaa nilizobaki nazo, vile vyuma vya namba vinavyofunga mlango wa kontena. Ukishaibana sili haifunguki mpaka uikate kwa koleo. Sheria yake nyepesi. Sili ikiwa nzima na namba ni ileile, basi kilichomo ndani ndicho kilichopakiwa. Nimelea watoto watatu kwa sheria hiyo.

Kabla ya magharibi kuku wote wameingia. Nimekagua viota, hakuna yai hata moja. Nimefunga banda kwa sili. Namba nimeiandika mahali pawili. Bi Zuhura alikuwa akichota maji bombani, akaniona. Hakuuliza. Nadhani alielewa, maana alilifunga bomba ndoo haijajaa.

Alhamisi, 13 Februari

Sili nzima. Namba ileile. Wavu haupitishi hata kidole gumba. Sakafu ni mbao, nimezigonga moja moja.

Sikuikata mpaka saa sita, ili wote wawe wameshataga. Wamelia sana. Jua lilikuwa kali na walikuwa wamefungua midomo.

Ndani mayai sita. Mawili meupe. Moja lina vidoadoa kama uso wenye surua. Moja dogo. Moja kahawia. La sita halina ganda kabisa, ngozi tupu, nilipolishika lilinitikisikia mkononi.

Nilikaa chini palepale, juu ya kinyesi.

Sili nzima, mayai si yale. Sili nzima, mayai si yale. Kama sili haikukatwa, haya ndiyo yaliyopakiwa. Na kama haya ndiyo yaliyopakiwa, basi Bi Zuhura

Nimeshindwa kuimaliza hiyo sentensi. Nimejaribu mara mbili.

Marehemu shangazi yangu kule Kaloleni angesema kuna mkono wa mtu, tena si mkono wa nyama. Mimi mzee wa kanisa nililiwaza hilo kwa kama robo saa. Naona aibu kuliandika, lakini nimeliwaza.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeona kwa macho yangu.

Saa mbili asubuhi nililifungua banda, nikageuza ndoo ya rangi nikaikalia, uso kwa uso na viota. Wapita njia waliniona kupitia geti. Mmoja akauliza kama nasubiri basi.

Saa nne kasoro aliingia Namba 4, yule mwekundu, mtagaji hodari kuliko wote. Daftari langu la Januari linasema hutaga kahawia iliyokolea. Alikaa. Alihema. Alisimama, akachuchumaa, na yai likatoka limelowa. Nilitia mkono kabla hajageuka. Lilinikaukia kiganjani, la moto. Jeupe kama mshumaa.

Hakuna aliyelibadilisha. Hapakuwa na mtu ila mimi na kuku.

Kwa hiyo kuku mmoja anaweza kutaga kahawia mwezi huu na jeupe mwezi ujao. Kwa nini? Nani anampangia? Sijui. Ninalojua ni kwamba nimemsingizia mtu. Nimemwita mwizi mwanamke ambaye hajanifanyia ubaya wowote, mlangoni kwake, akitoka kununua unga.

Alikuwa akifagia uani. Hatua kumi. Sikwenda. Nilijiambia kwanza nijue sababu, nimwendee na maelezo yaliyokamilika. Huo ni woga. Nimeuvalisha koti la ukarani tu.

Jumamosi, 15 Februari

Sikupeleka mayai Mariakani. Nilimwambia Kadzo gari limejaa.

Nilikwenda duka la dawa za mifugo kule barabarani. Muuzaji ni msichana wa bara, umri wa kitinda mimba wangu. Nikapanga mayai matano juu ya kaunta na kumweleza kila kitu, isipokuwa habari ya Bi Zuhura.

"Mzee, hakuna mtu amekubadilishia," akasema. "Hao kuku wako na stresi."

Nikamwambia kuku hawana mawazo. Alicheka, akalivunja lile la kahawia, akanigeuzia ganda upande wa ndani. Jeupe. Akavunja jingine. Jeupe. Kumbe yote huanza meupe. Kahawia ni rangi inayopakwa mwishoni, saa chache kabla ya yai kutoka, kama fundi anavyopaka ukuta uliokwishajengwa. Kuku akisumbuliwa, akishtushwa, akishindwa na joto, rangi haikolei, au yai linatoka kabla fundi hajamaliza. Miaka yote nilidhani ganda la kahawia ni kahawia mpaka ndani, kama tofali.

Na udogo? Joto likizidi kuku hali, anakunywa maji tu, na yai linapungua. Kuhema nako kunaharibu ganda. Yale madogo kabisa, hata lile lisilo na kiini, huenda ni ya mitetea wanaoanza kutaga, mwili bado unajaribu. Ni kweli, Kadzo ana mitetea watatu. Kuku mkubwa kiumri hutaga kubwa zaidi. Rangi hasa inatoka kwenye ukoo, si kwenye chakula, na eti ukitazama ndewe ya sikio la kuku mara nyingi utajua. Mwenye ndewe nyeupe hutaga meupe, mwenye nyekundu hutaga kahawia. Mara nyingi, si mara zote. Nikauliza kwa nini si mara zote. Akasema, "Mzee, hao si mashine."

Na ladha ni moja. Hilo nalo nilikuwa sijui.

Halafu akauliza, "Kuna kitu umewabadilishia majuzi?"

Nikasema hakuna. Nikasema tena, labda banda, nililihamisha. Akauliza nililipeleka wapi. Kando ya mabati, nikasema. Hakunicheka. Alichukua karatasi akaandika: kivuli, maji baridi, maganda ya chaza yaliyopondwa. Nilitoka nikayasahau mayai yaliyobaki kwenye kaunta.

Warudishe kivulini. Niliambiwa hivyo tarehe tano, bure, na mtu niliyemwita mwizi tarehe kumi na moja.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Nimelirudisha banda chini ya mkungu peke yangu, kwa kulivuta shubiri kwa shubiri. Imenichukua mpaka saa saba. Mgongo umekufa. Pazia la Bi Zuhura lilisogea mara moja. Mwezi jana angetoka akashika upande wa pili, tena huku akinikosoa.

Alasiri nilioga, nikavaa shati la kanisani, nikabisha kwake. Alifungua nusu. Nilikuwa nimejitayarisha. Nikaanza na ganda, kwamba yote huanza meupe. Nikaeleza rangi inavyopakwa. Nikaeleza joto, mitetea, ndewe za masikio. Nilikuwa na kipande cha ganda mfukoni, nikamwonyesha ndani na nje. Nilisema kwa robo saa nzima. Alinisikiliza hadi mwisho, amesimama.

"Ahsante kwa kunieleza, shemeji," akasema. Akafunga mlango.

Nilipofika barazani ndipo nikatambua kwamba neno lililonipeleka kule sikulisema.

Jumatatu, 17 Februari

Hakuna mkate.

Mayai manne. Wamegoma kwa sababu ya kuhamishwa tena. Siwalaumu.

Jumatano, 19 Februari

Anahama. Jumamosi anakwenda Likoni, upande wa Shelly Beach, kwa mpwa wake. Anataka Ramadhani imkute ameshatulia. Alinijia barazani kuniambia, kwa adabu, kama mpangaji anavyozungumza na mwenye nyumba. Ameniita Baba Karisa. Si shemeji.

Nilisema sawa. Mtu anasema sawa kwa jambo kama hilo! Sijui ulimi wangu ni wa nani siku hizi.

Kadzo anarudi Jumatano ijayo. Atakikuta chumba kitupu. Kadzo alipofiwa na mama yake, Bi Zuhura ndiye aliyemlisha kwa mkono wiki nzima, alipokuwa hataki kula kwa mtu mwingine. Mume wa Bi Zuhura alipofariki, Kadzo alilala kwake mpaka eda ikaanza kuzoeleka. Wakigombana hawamalizi siku. Mimi nimeoa dada mmoja, na sasa namfukuza wa pili kwa ajili ya mayai. Nina siku tatu za kumzuia. Nisamehe ni neno moja. Mbona zito hivi?

Jioni Kadzo alipiga simu. Akauliza Zuhura hajambo, mbona hapokei simu. Nikasema hajambo.

Alhamisi, 20 Februari

Nimesimama mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili nilikohoa. Alikuwa amefungulia redio. Nikarudi.

Mayai matano. Rangi sikutazama.

Jumamosi, 22 Februari

Mkokoteni ulifika saa mbili. Nilibeba vitu. Hakunikataza wala hakunishukuru. Jiko lake la kuokea, masufuria, godoro, kabati la vyombo ambalo tulilishika mimi na mwenye mkokoteni. Yule mwenye mkokoteni aliniuliza kama huyu mama ni dada yangu. Nikasema ni shemeji yangu. Bi Zuhura alisikia. Alikuwa akifunga kamba.

Getini akanipa ufunguo. Hapo ndipo neno likatoka, mbele ya mwenye mkokoteni na mbele ya majirani wawili waliokuja kuaga. "Bi Zuhura, nisamehe. Nilikusingizia. Hukuchukua kitu."

"Nimekusamehe, Baba Karisa. Wallahi sina kinyongo nawe."

Moyo ukafunguka. Nikashika kamba ya mkokoteni, nikasema basi tushushe vitu. Yeye akaushika mkono wangu, kwa upole, akautoa kwenye kamba.

"Kusamehe nimesamehe," akasema. "Lakini kila nikivunja yai mle ndani n'tajua kuna mtu nje anihesabia. Mimi siwezi kupika hivyo."

Wakaondoka. Nilisimama getini mpaka majirani wakaingia kwao.

Ningelisema tarehe kumi na nne angebaki? Ningelisema siku ile ya ganda? Huenda. Sijui. Sababu ya yai kuwa jeupe nimeipata kwa siku moja, dukani. Hili hakuna wa kunieleza.

Jumatatu, 24 Februari

Watu wanauliza. Nimewaambia alitaka kufunga Ramadhani karibu na jamaa zake. Mchungaji nimemwambia vivyo hivyo. Kila mtu anaitikia kwa kichwa, anasema ni jambo jema. Ni maneno yanayokubalika kwa urahisi sana.

Mayai sita. Mawili yameanza kushika rangi. Nilitazamia nitafurahi.

Jumatano, 26 Februari

Kadzo amerudi. Hata mkoba hakuweka chini vizuri, alitoa leso aliyomnunulia Bi Zuhura akaenda nayo uani moja kwa moja akiita, "Zuhura! Zuhura we!" Niliisikia sauti ikiingia kwenye chumba kitupu na kurudi.

Nimemwambia yote. Kizingiti, trei mbili, sili, msichana wa dukani, mkokoteni. Sikuacha kitu. Alikaa kwenye ile ndoo ya rangi, leso mapajani.

"Mimi nilikuwa nakutania," akasema. "Kwenye simu. Sidi alikuwa hoi kwa kicheko, hukumsikia? Nilijua ni jua tu. Kila mwaka wakati wa jua kali hupungua hivyo, hata wakiwa kivulini."

Nilikuwa nimemsikia Sidi. Nimelitazama daftari. Niliandika kwamba nilimsikia Sidi. Sikuandika kwamba anacheka.

"Na yule mwenye kishungi hutaga meupe tangu nimnunue," akasema. "Mwaka wa tatu huu unayala."

Mwaka wa tatu nimeyala na sijayaona. Kadzo hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Alhamisi, 27 Februari

Kadzo alivuka kwenda Likoni asubuhi, amerudi saa kumi na moja. Leso hakurudi nayo. Nikauliza Bi Zuhura hajambo. "Hajambo," akasema. Akapika, tukala.

Jumamosi, 8 Machi

Mayai manane. Daftari la rangi nimeacha. Kuku wako chini ya mkungu, wamenyamaza. Kadzo ameyachukua sita, akayatia kwenye kikapu bila kuchagua, akaenda Likoni. Atafuturu kwa Bi Zuhura na kulala huko. Mimi sikualikwa na sikuuliza.

Saa tisa walikuja mume na mke kutazama chumba. Vijana. Mume anafanya kazi uwanja wa ndege. Mke alikipenda. Alifungua dirisha, akalifunga, akasema chumba kinanukia iliki. Mume akauliza aliyekuwa humu alikaa muda gani. Nikasema miaka kumi na minne.

"Kumi na minne!" akasema. "Sasa mbona alihama?"

Yale maneno ya Ramadhani na jamaa zake nilikuwa nayo tayari, yamekaa mdomoni.

"Nilimwita mwizi," nikasema. "Na hakuwa mwizi."

Walitazamana. Mume akasema watafikiria, watanipigia simu. Nikawasindikiza mpaka getini.